Georg Simon Ohm, mtoto wa fundi wa kufuli aliyetupatia hesabu ya umeme

Fundi wa umeme akifika kwako na ile mashine yake ndogo ya kupima, angalia vizuri alama zilizo juu yake. Utaona V ya volti, A ya ampere, na pembeni alama moja ya kushangaza, sawa kiatu cha farasi kilichogeuzwa: Ω. Hiyo ni herufi ya Kigiriki, omega, lakini hapa inasomwa ohm. Volti inatokana na jina la Muitalia Alessandro Volta, na ampere na jina la Mfaransa André-Marie Ampère. Ohm yeye alikuwa Mjerumani, mwalimu wa shule, mtu aliyepoteza kazi nzuri juu ya kitabu kimoja. Wanafunzi wetu wa sekondari wanajifunza kanuni yake kwa kichwa, U ni sawa na R mara I, kisha mtihani ukipita wanaisahau. Wachache sana wamesikia ile kanuni ilimgharimu nini mwenyewe.

Georg Simon Ohm alizaliwa tarehe 16 mwezi wa tatu 1789 katika muji wa Erlangen, upande wa kusini wa Ujerumani ya leo. Baba yake, Johann Wolfgang, alikuwa fundi wa kufuli. Mama yake, Maria Elisabeth, alikuwa binti wa mshonaji. Walizaa watoto saba, lakini waliokua ni watatu tu: Georg, mdogo wake Martin, na dada yao Elisabeth Barbara. Georg alikuwa na miaka kumi mama yake alipokufa.

Yule baba anastahili tumtaje zaidi kidogo. Hakusoma shule kubwa. Yale aliyoyajua aliyatafuta mwenyewe ndani ya vitabu, usiku, nyuma ya kazi ya mikono. Na alijua mengi, mpaka aliweza kuwafundisha watoto wake wawili wa kiume hesabu, fizikia, kemia na hata falsafa pale nyumbani. Shule ya muji ilikuwa inawafundisha Kilatini na kukariri. Baba ndiye aliyewafundisha kufikiri. Profesa mmoja wa iniversite ya Erlangen, Karl Christian von Langsdorf, alimpima Georg akiwa kijana wa miaka kumi na tano, akakuta hajawahi kuona kitu kama kile. Akalinganisha ile nyumba ya fundi wa kufuli na ukoo wa Bernoulli wa Uswisi, ukoo uliotoa wataalamu wa hesabu kizazi hadi kizazi. Martin naye alikuja kuwa profesa wa hesabu kule Berlin.

Pale karakana Georg alipata kitu kingine ambacho hakuna profesa angempatia: mikono. Alijua kukata chuma, kusugua, kunyoosha waya, kutengeneza kifaa kisichotetemeka. Mkumbuke jambo hilo, litarudi.

Mwaka wa 1805 aliingia iniversite. Na hapo, wapendwa wasomaji, alifanya sawa vijana wengi wanavyofanya wakitoka chini ya macho ya baba. Alicheza dansi, aliteleza juu ya barafu, alicheza biliyari. Baba alikasirika sana, kwani yeye mwenyewe hakupata ile bahati ya masomo na alimwona mtoto anaitupa. Nyuma ya mihula mitatu alimtoa. Georg akapelekwa Uswisi mwaka wa 1806, kufundisha hesabu katika shule moja ya Gottstadt, karibu na Nidau. Alikuwa na miaka 17. Baadaye alifundisha watu binafsi kule Neuchâtel, huku anasoma vitabu vya wakubwa wa hesabu peke yake. Mwaka wa 1811 alirudi Erlangen na akapata udaktari wake.

Kupata diploma ni jambo moja, kupata mshahara ni jambo lingine. Alifundisha iniversite kwa mihula mitatu, lakini kile alichopewa hakikutosha kumlisha. Akaenda kufundisha katika shule ndogo ya Bamberg mwaka wa 1813, shule isiyo na sifa, nayo ikafungwa mwaka wa 1816. Wakamsukuma kwenye shule nyingine ya muji ule ule, yenye wanafunzi kupita kiasi. Katikati ya ile taabu aliandika kitabu cha jiometri, akatuma nakala kwa mfalme wa Prussia. Kumbe ilifaa: mwaka wa 1817 aliitwa kufundisha hesabu na fizikia katika shule kubwa ya Köln, ile iliyokuwa zamani ya Wajesuiti. Na pale kulikuwa na chumba cha majaribio chenye vifaa.

Waya nane za shaba

Ili tuelewe alichofanya, lazima tujue watu walikuwa wamefika wapi. Volta alitangaza batri ya kwanza mwaka wa 1800. Mwaka wa 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark aliona kwamba waya yenye umeme inageuza sindano ya dira. Basi wataalamu walikuwa na chombo cha kutoa umeme, na walikuwa na njia ya kuuona ukipita. Lakini hakuna aliyejua kuuhesabu. Ukiongeza urefu wa waya, umeme unapungua; hilo wengi waliliona. Unapungua kwa kiasi gani? Kwa kanuni gani? Hapo kila mtu alikuwa na lake.

Ohm alianza na batri za Volta. Zile batri zilikuwa na tabia mbaya: ukiziwasha zina nguvu, kisha kidogo kidogo zinalegea. Kupima kwa batri ya namna ile ni sawa kupima unga kwa mizani ambayo uzito wake unabadilika kila mara. Mwaka wa 1825 alitoa maandishi yake ya kwanza kuhusu jambo hilo, na kanuni aliyoiweka ndani haikuwa sahihi. Alikuwa na haraka. Johann Christian Poggendorff, mkubwa wa jarida la fizikia la Wajerumani, alimshauri aache batri na atumie kifaa ambacho Thomas Seebeck alikuwa amekigundua miaka michache mbele: metali mbili za aina tofauti zilizounganishwa, kiungo kimoja kwenye joto na kingine kwenye baridi. Zinatoa umeme kidogo sana, lakini hautikisiki.

Hapa ndipo mikono ya mtoto wa fundi ilifanya kazi. Mwezi wa kwanza wa 1826 Ohm alijenga kifaa chake: kipande cha bismuti kilichofungwa na shaba, kiungo kimoja ndani ya maji yanayochemka, kingine ndani ya barafu. Maji yanayochemka hayapiti kiwango chake cha joto, na barafu inayoyeyuka haibadiliki. Kwa hiyo msukumo wa umeme ulibaki ule ule saa na saa. Juu ya waya alitundika sindano ya sumaku. Umeme ukipita, sindano inageuka. Yeye anaizungusha polepole kwa kichwa cha kifaa mpaka irudi fasi yake, na anasoma alihitaji kuzungusha kiasi gani. Kisha akaweka waya nane za shaba, zote za unene mmoja lakini za urefu tofauti, kutoka kama sentimita 5 mpaka zaidi ya mita 3. Moja kisha nyingine. Siku nyingine anarudia.

Jibu lilikuwa rahisi kuliko alivyofikiri mtu yeyote. Mkondo wa umeme unapatikana ukichukua msukumo na kuugawanya kwa jumla ya vizuizi vyote vilivyo njiani, vile vya waya na vile vya chombo chenyewe kinachotoa umeme. Ndiyo hiyo.

Kwa lugha ya nyumbani

Tuache kidogo Köln. Tensio, ile inayopimwa kwa volti, ni msukumo, sawa tangi la maji lililowekwa juu ya mlima: likiwa juu zaidi, maji yanasukuma zaidi. Mkondo, unaopimwa kwa ampere, ni wingi wa kile kinachopita kwenye bomba. Ukinzani, unaopimwa kwa ohm, ni ubishi wa bomba lenyewe: likiwa jembamba na refu, linabisha sana, likiwa nene na fupi, linaachilia.

Kwa hiyo ukijua viwili, cha tatu unakipata. Chukua volti, gawanya kwa ampere, utapata ohm. Kama resho yako imeunganishwa kwenye volti 220 na inavuta ampere 5, ukinzani wake ni 220 gawanya kwa 5, ni kusema ohm 44. Na nguvu yake ya kazi, ile inayopimwa kwa wati? Hapo unazidisha: volti 220 mara ampere 5, wati 1.100. Hesabu mbili tu, moja ya kugawanya na moja ya kuzidisha, na mtoto wa darasa la sita anaziweza.

Sasa angalia kitu ambacho wakaaji wengi wanakilalamikia bila kujua sababu. Jioni watu wote wamewasha, tensio inashuka mpaka volti 150. Resho ni ile ile, ohm zake ni karibu zile zile 44. Mkondo unakuwa 150 gawanya kwa 44, kama ampere 3,4. Nguvu inakuwa 150 mara 3,4, yaani kama wati 510. Tensio imepungua kwa chini ya theluthi, lakini joto limeshuka chini ya nusu! Ndiyo maana maharage hayaivi, na siyo kosa la resho. Fundi atakayekuambia ununue ingine, mwombe kwanza apime volti.

Jambo la pili ni la hatari kweli. Waya nayo iko na ohm zake. Tuseme waya inayoleta umeme nyumbani, kwenda na kurudi, ni nyembamba na ina ohm 1. Resho moja ikivuta ampere 5, volti 5 zinapotelea ndani ya waya, na waya inapata joto la wati 25. Ukiongeza pasi na resho ya pili kwenye multiprizi ile ile, mkondo ukafika ampere 10, joto la waya halifiki 50. Linafika 100, kwani ni 10 mara 10 mara ohm 1. Mara mbili ya mkondo ni mara ine ya joto. Wati 100 ndani ya waya iliyopita chini ya mkeka au nyuma ya kabati la mbao, usiku, watu wamelala: hesabu mwenyewe. Ile kanuni ya joto haikutoka kwa Ohm; ni Mwingereza James Prescott Joule aliyeithibitisha karibu mwaka wa 1841, lakini bila ohm asingekuwa na la kuzidisha.

Wenye pano za jua nao wasijifikiri wako salama. Batri ya volti 12 haina volti za kutupa. Waya ya shaba ya milimita mraba 1,5, kutoka batri mpaka chumba kilicho mita 20, inafanya mita 40 kwenda na kurudi, na ukinzani wake ni karibu nusu ohm. Vuta ampere 5 humo, zaidi ya volti 2 zinabaki njiani. Kwenye 220 usingeziona. Kwenye 12 taa inafifia na redio inazimika. Dawa ni waya nene zaidi au batri kusogezwa karibu. Ohm alijua: urefu ukizidi mara mbili, ukinzani unazidi mara mbili, unene wa kati ukizidi mara mbili, ukinzani unapungua nusu.

Siyo kila kitu kinatii kanuni hii. Ampuli ya zamani, ile yenye uzi ndani, ikiwa baridi ukinzani wake ni mdogo sana kuliko ikishawaka, ndiyo sababu mara nyingi inaungua wakati ule ule unapoiwasha. Ampuli za LED nazo zina tabia yake tofauti. Ohm alipima waya za metali, na kwa waya za metali zisizobadilisha joto alisema kweli.

Kitabu kilichomfukuza kazini

Turudi kwa mwenyewe. Mwaka wa 1826 aliomba likizo ya mwaka mmoja, akapewa kwa nusu mshahara, akaenda Berlin kukaa na Martin. Alitaka kuandika kitabu kitakachomtoa kwenye kufundisha watoto na kumwingiza iniversite. Kikatoka mwaka wa 1827, kwa Kijerumani, chenye kueleza mzunguko wa umeme kwa njia ya hesabu.

Alitegemea mlango utafunguka. Haukufunguka. Wafizikia wengi wa Ujerumani wakati ule hawakuzoea hesabu nzito ndani ya fizikia. Kitabu kilijaa hesabu hizo mwanzo mpaka mwisho, na yale majaribio mazuri ya 1826 alikuwa ameyaacha nyuma, katika maandishi mengine. Wengine walifuata falsafa ya Hegel na waliona ukweli wa dunia unatafutwa kwa fikra, siyo kwa sindano na barafu. Georg Friedrich Pohl wa Berlin alikishambulia vikali. Kwa maoni yetu, Ohm mwenyewe alisaidia kidogo kujiumiza: angeweka zile waya nane katika kurasa za kwanza, pengine wangemsikiliza.

Lakini alichofanya nyuma yake kinaonyesha alikuwa mtu wa namna gani. Hakurudi Köln kuinamisha kichwa. Mwaka wa 1828 aliacha kazi yake ya kudumu, akabaki Berlin anafundisha saa chache kwa juma katika shule ya kijeshi. Mtu wa miaka 39, mwenye kanuni ambayo dunia yote itaitumia, anaishi kwa masaa ya kufundisha askari hesabu. Ilikuwa vile kwa miaka mitano. Hakuoa, hakuwa na nyumba yake.

Wengine husimulia kwamba hakuna hata mmoja aliyemkubali. Haiko vile. Kule Leipzig, Gustav Fechner alirudia majaribio na mwaka wa 1831 alionyesha kwamba Ohm yuko sawa. Kule Saint-Petersburg, Emil Lenz aliitumia kanuni yake. Ufaransa, Claude Pouillet alifika kwenye hesabu ile ile kwa njia yake. Waliomkubali walikuwa wale wanaopima. Tatizo ni kwamba hawakuwa wao wanaogawa viti vya iniversite.

Mwaka wa 1833 shule ya ufundi ya Nuremberg ilimpa cheo cha profesa, na kutoka 1839 akawa mkuu wake. Ilikuwa afadhali, ila bado siyo kile alichokitamani. Kisha habari njema ikatoka ng'ambo. Mwaka wa 1841 kitabu chake kilitafsiriwa Kiingereza, na mwaka ule ule Royal Society ya London ikampa Medali ya Copley, heshima yake ya juu kabisa. Mwaka uliofuata ikamfanya mwanachama wa kigeni. Waingereza walikuwa wanaanza kuvuta nyaya za telegrafu, na mtu anayevuta waya ya makilometa hawezi kukisia. Lazima ajue umeme utakaofika upande wa pili. Ndipo Wajerumani wakageuza macho. Akademia ya Bavaria ilimpokea mwaka wa 1845.

Wakati ule alikuwa ameanza mambo mengine. Mwaka wa 1843 alitoa kanuni kuhusu sikio: kwamba sikio linaitenga sauti iliyochanganyika katika sauti ndogo ndogo za sahili. Ilileta mabishano yake, lakini Hermann von Helmholtz aliichukua baadaye na kuijengea.

Mwaka wa 1849 aliitwa Munich kutunza vifaa vya fizikia vya Akademia na kufundisha iniversite. Kiti kamili cha profesa wa fizikia, kile alichokitafuta tangu kijana, alikipata mwaka wa 1852. Alikikalia miaka miwili. Alikufa tarehe 6 mwezi wa saba 1854, na kaburi lake liko katika makaburi ya zamani ya kusini mwa muji ule.

Kuna Mwingereza mmoja, Henry Cavendish, tajiri na mtu wa aibu kupita kiasi, aliyekuwa ameona kanuni ile ile mwaka wa 1781, mbele hata Ohm hajazaliwa. Hakuwa na sindano ya kupimia. Alipitisha umeme katika mwili wake na kulinganisha mshtuko alioupata. Hakumwambia mtu. Karatasi zake zilibaki kwenye masanduku mpaka James Clerk Maxwell alipozichapisha mwaka wa 1879, karibu miaka mia moja nyuma.

Miaka miwili kisha, mwaka wa 1881, wataalamu wa inchi nyingi walikutana Paris kupatana juu ya vipimo vya umeme, kwani kila kampuni ya telegrafu ilikuwa na vyake. Wakapitisha volti, ampere na ohm. Mwaka wa 1884 walipatana kwamba ohm moja ni ukinzani wa zebaki iliyomwagwa ndani ya kitundu chenye eneo la milimita mraba 1 na urefu wa sentimita 106, ikiwa kwenye baridi ya barafu inayoyeyuka, ile ile aliyoitumia Ohm kule Köln.